Guylaine Hakusahau

Kwanza tuelewane: Guylaine Mallet hakusahau. Atakayesema alisahau aende akamwambie mwenyewe, na awe amevaa viatu vya kukimbilia.

Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini kasoro mmoja, mrefu, mwenye mikono mikubwa iliyojaa makovu madogomadogo ya magamba ya kaa. Aliingia kiwanda cha kaa cha Pointe-à-Zoël, pwani ya Akadia kule New Brunswick, Kanada, akiwa na miaka kumi na sita, na hakutoka tena ila kwenda kujifungua mara mbili. Kitu alichojulikana nacho kijijini ni kichwa chake. Alikumbuka siku za kuzaliwa za binamu zake wote, na Akadia binamu hawaishi. Alikumbuka nani aliazima sufuria yake ya kupikia friko, supu ya kuku na viazi, akairudisha ikiwa na ufa, na ulikuwa mwezi gani. Alikumbuka maneno ya watu, neno kwa neno, na ndiyo maana wengi walikuwa waangalifu mbele yake.

Na kwa miaka minane alikumbuka kidonge chake. Kila siku iendayo kwa Mungu, ikigonga saa sita mchana, Guylaine alimeza kidonge kimoja cha majira. Hakuwa anavimeza kwa sababu ya kupanga maisha, wala kwa sababu watoto wawili wanatosha. Alivimeza ili aendelee kuwa hai.

Wiki mbili baada ya kumzaa Loïc, mwanawe wa pili, mguu wake wa kushoto ulivimba. Damu ilikuwa imeganda humo ndani, kisha donge likapanda mpaka kwenye mapafu, akakata pumzi akiwa amesimama jikoni na mwiko mkononi. Alilazwa mwezi mzima. Siku ya kumruhusu, daktari alikaa kitandani pake, jambo ambalo madaktari hawalifanyi bure, akamwambia, "Mimba nyingine inaweza kukuua. Sipendi kutisha watu, lakini wewe nataka uogope." Vidonge vya kawaida alikatazwa, kwa kuwa vinasaidia damu kuganda. Alipewa vya aina nyingine, vidogo, visivyokuwa na hatari hiyo. Nesi alimletea cha kwanza saa sita mchana, naye hakukitoa kwenye saa hiyo tena.

Daktari aliandika na barua, ya Rhéal, mumewe. Rhéal alikuwa amekaa palepale, kofia mapajani. Daktari alimweleza kwamba njia ya uhakika zaidi ni yeye mwanamume kufunga uzazi: dakika ishirini, ganzi kidogo, unarudi nyumbani siku hiyohiyo. Rhéal aliyasikiliza yote, akaitikia kwa kichwa kama mtu mwenye akili, akaikunja barua na kuitia mfukoni.

"Baada ya msimu," alisema.

Sasa hapa ndipo mtu wa pwani ile anapoelewa na mgeni hawezi. Kule kila kitu hungoja msimu wa kaa uishe. Paa likivuja, baada ya msimu. Jino likiuma, baada ya msimu. Watu huoana baada ya msimu, hugombana mahakamani baada ya msimu, na bibi yangu alimwomba Mungu amchukue baada ya msimu ili asiwasumbue watu. Tatizo ni kwamba msimu hauishi. Kaa wakimalizika wanaingia kambakoche, kambakoche wakitoka wanakuja heringi, heringi wakienda zao ni wakati wa kuwinda, kisha kuni, kisha theluji, na theluji ikianza kuyeyuka mitego inataka kushonwa kwa sababu kaa hao wanarudi. Barua ya Rhéal ikakaa kwenye mlango wa friji, chini ya sumaku yenye umbo la kaa, mpaka ikageuka rangi ya chai.

Kila masika Guylaine aliionyesha kwa kidevu. Kila masika Rhéal alicheka, akamshika kiuno, akasema, "Si una vidonge vyako, mama?" Ni kweli alikuwa navyo. Hivyo uhai wa mtu mzima, mama wa watoto wawili, ukawa umebebeshwa kidonge kisichozidi punje ya dengu, na mtu mwingine yeyote hakushika hata upande mmoja wa mzigo huo.

Msimu ninaousimulia ulianza na karatasi ukutani. Wanunuzi wa ng'ambo walikuwa wametuma wakaguzi, wakaguzi wakaacha masharti. Mifuko ya makoti meupe ilishonwa ikafungwa. Simu, pete, dawa, pipi, vyote vibaki kabatini kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Asitoke mtu kwenye mkanda unaopitisha kaa mpaka kengele. Na kengele yenyewe, ambayo tangu enzi za mababu ililia saa sita kamili mpaka kijiji kizima kikawa kinarekebisha saa kwayo, sasa ingelia pale tu matangi yatakapokuwa matupu. Kaa akifa kabla ya kuchemshwa ni takataka, na takataka hazinunuliwi. Mashua zikija pamoja, kengele itasubiri.

Jumanne moja ya mwezi wa tano mashua zilikuja pamoja.

Nyapara wa mkanda wao alikuwa Normande, dada mkubwa wa Rhéal, kwa hiyo wifi yake Guylaine. Ni mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kuita ng'ombe, anayeziba masikio kwa sababu ya makelele ya mashine na hivyo hupiga kelele hata akikuomba chumvi. Ilipopita saa sita Guylaine alinyoosha mkono.

"Wifi, natoka dakika mbili."

"Hakuna kutoka. Kengele bado."

"Nina dawa ya kumeza."

"Dawa gani?" Normande aliuliza, na lile swali likafika mpaka kwenye mizani mwisho wa jengo.

Wanawake wanane walikuwa upande huu wa mkanda, na wanane upande ule. Wote walinyanyua macho bila kusimamisha mikono.

"Dawa yangu," alisema Guylaine.

"Ya moyo? Ya presha? Éveline ana sukari, jina lake ninalo kwenye orodha. Lako silioni. Dawa gani hiyo inayojua saa kuliko padri?"

"Ya urembo," alidakia mmoja kutoka mwisho wa mkanda. "Ila mwambieni haijafanya kazi."

Walicheka. Si kwa ubaya, kule watu hutaniana hata msibani. Guylaine angeweza kusema neno moja tu akaachiwa. Lakini alimjua wifi yake. Neno hilo likitamkwa saa sita, saa kumi na mbili lingekuwa mezani kwa mama mkwe, na mama mkwe huyo, kila Jumapili, aliwasha mshumaa kanisani ili Loïc apate mdogo wake. Guylaine akarudisha mikono kwenye kaa. Kabati lake lilikuwa hatua arobaini kutoka pale aliposimama, alizijua maana alizihesabu, na kidonge kilikuwa ndani ya kabati, kwenye kijaluba cha pipi za mnanaa, mkono wa kulia.

Kengele ililia saa kumi kasorobo. Alikimeza bila maji.

Aliyemtuliza ni Éveline, jirani yake wa mkandani, mama wa miaka sitini mwenye kujua kila kitu. "Usijiumize roho, mwanangu," alimwambia pembeni, maana yeye alikuwa ameshaelewa ni dawa gani. "Mimi nimevimeza miaka kumi na tano. Ukichelewa, meza tu ukivipata. Vinakungoja siku nzima."

Éveline hakusema uongo. Vyake vilikuwa vya kawaida, na vya kawaida kweli hungoja. Vya Guylaine havikuwa vya kawaida, na katika miaka minane hakuna mtu hata mmoja mwenye koti jeupe aliyemwambia tofauti. Walimwambia, "Kila siku saa ileile," akashika saa ileile. Hawakumwambia kwa nini, wala ukichelewa inakuwaje. Hilo linanikera mpaka leo ninapolisimulia.

Mpaka mwezi wa tano unaisha, kengele ilikuwa imempita hivyo mara nne. Mara mbili kati ya hizo nne, kaa waliojaa kwenye matangi walitoka kwenye mashua aliyofanyia kazi Rhéal mwenyewe. Na Rhéal alikuwa akilala nyumbani siku mbili tu kwa wiki. Akirudi, anarudi na hamu ya siku tano baharini, na Guylaine, tusidanganyane, naye hakuwa gogo.

Mwezi wa sita siku zake zikapita bila damu. Siku ya kwanza alisema ni uchovu. Hata hivyo asubuhi hiyohiyo alianza kubonyeza mguu wake wa kushoto kila asubuhi kwa kidole gumba, kuona kama nyama inarudi. Siku ya sita alipanda ngazi za nyumba yake huku akisikiliza pumzi zake. Alimtazama Maxime, bintiye wa miaka kumi na minne, akipaka molasi kwenye mkate, akajikuta anamfundisha ghafla jinsi ya kulipa bili ya umeme. Hakumwambia mtu. Siku ya tisa hakwenda kazini. Aliwasha gari la Rhéal akaenda kliniki.

Nesi wa zamu alikuwa binti mdogo, Corinne Losier, mwenye adabu na miwani. Alichukua mkojo, akaweka kipimo juu ya kaunta, na wakati wakisubiri akaanza kumsomea maswali kutoka kwenye kompyuta. Guylaine alijibu jina, umri, donge la damu, mwaka wa donge la damu.

"Ulisahau vidonge vingapi, mama?"

"Sikusahau."

"Yaani hukuruka hata kimoja?"

"Sikuruka. Vinne nilichelewa kumeza. Nilizuiwa kazini."

"Kwa muda gani?"

"Cha kwanza masaa matatu na dakika arobaini na tano. Cha pili masaa matatu na nusu. Cha tatu masaa manne na robo. Cha nne masaa manne kasoro dakika tano."

Corinne aliandika. Guylaine akainama akasoma kwenye kioo cha kompyuta. Palikuwa na neno moja, na mbele yake tarakimu: Kusahau, 4.

Kwa Kifaransa cha kule, kidonge kisichomezwa kwa wakati kina jina moja tu. Kimeangukia kwenye sinki, umekitapika, duka lilikuwa limefungwa, umefungiwa mlango, vyote ni "kusahau". Neno hilo liko kwenye vitabu, kwenye vikaratasi vya dawa, kwenye mitambo ya kliniki. Sijui ni nani alilichagua, ila ningeshangaa kusikia alikuwa mwanamke.

"Futa hilo," alisema Guylaine.

"Ndivyo tunavyokiita, mama. Hakuna kisanduku kingine."

"Binti yangu, nisikilize. Nilikuwa nimesimama hatua arobaini kutoka kwenye kidonge changu. Najua kiko wapi. Najua ni saa ngapi. Mikono yangu iko kwenye kaa, na kichwani mwangu hakuna kitu kingine chochote ila hicho kidonge, kwa masaa matatu na dakika arobaini na tano. Huko ndiko kusahau?"

Corinne aliondoa mikono kwenye kompyuta. Alikuwa mdogo lakini hakuwa mjinga. Akamgeukia, akamweleza polepole kile ambacho mtu angepaswa kukieleza miaka minane nyuma. Vidonge vya aina yake vina masaa matatu tu. Yakipita, kinga inalegea. Unameza palepale unapokipata, cha kesho unakimeza kwa saa yake ya kawaida, na kwa siku mbili zinazofuata unatumia kondomu au unalala chali peke yako. Na kama mmeshakutana katika siku hizo, unakuja kliniki upesi, kuna kidonge cha dharura. Vile vya kina Éveline ndivyo vinavyovumilia siku nzima.

"Masaa matatu," alisema Guylaine.

"Masaa matatu. Imeandikwa kwenye kikaratasi cha ndani."

Kikaratasi hicho kimekunjwa mara kumi na sita na maandishi yake ni ya kusomwa na sisimizi.

"Lakini kwa nini saa sita, mama, ukiwa kazini?" aliuliza Corinne. "Ungemeza alfajiri, nyumbani, na kahawa yako. Hata kesho unaweza kuanza."

Guylaine aliyarudia maneno hayo kichwani. Alfajiri na kahawa. Ilikuwa rahisi kiasi hicho. Alimeza saa sita kwa sababu nesi mmoja alipita saa sita, basi, na kwa miaka minane aliona saa hiyo ni amri ya dawa yenyewe.

Kipimo kilikuwa tayari. Corinne alikiangalia, akakiangalia tena karibu na dirisha.

"Huna mimba," alisema. "Tutarudia wiki ijayo ili tuwe na hakika, lakini sioni mimba. Vidonge hivi mara nyingine huvuruga mwezi, hasa vikimezwa..." Alisita, akatafuta neno lingine. "Vikicheleweshwa." Kisha akageukia kompyuta, akashuka chini kabisa kwenye nafasi ya maelezo, akaandika: alizuiwa kazini.

Guylaine alisimama, akavaa koti. Alipofika mlangoni akageuka.

"Ile ya wanaume. Mnaifanya hapa?"

"Kila Ijumaa ya pili, daktari anakuja."

"Ijumaa ijayo ipo nafasi?"

"Zipo zote. Wanaume huwa hawaji msimu huu."

"Andika Rhéal Mallet, saa nne asubuhi."

Corinne aliandika, akamwonya kwamba vidonge asiviache, maana itachukua kama miezi mitatu mpaka mumewe apimwe na kuonekana yuko salama. Guylaine alisema miezi mitatu si kitu kwa mtu aliyesubiri miaka minane.

Ndani ya gari alikaa bila kuwasha. Alitarajia kufurahi. Lakini hofu ilipotoka iliacha nafasi kubwa, na hasira ikaingia ikakaa yote. Siku tisa. Siku tisa alikuwa anajibonyeza mguu gizani, na siku anazolala nyumbani, pembeni yake mwanamume anakoroma. Yeye peke yake ndiye aliyejua saa, yeye peke yake ndiye aliyehesabu, na bado mtambo ulipotafuta wa kulaumiwa ulimwandika yeye. Alipita nyumbani, akaing'oa barua kwenye friji mpaka sumaku ikaruka chini ya meza, akaendesha moja kwa moja hadi gatini.

Maji yalikuwa yamekupwa, kwa hiyo mashua ilikuwa chini kabisa na Guylaine juu ukingoni. Rhéal na wenzake wanne walikuwa wanapakua makreti ya kaa. Kapteni Alcide ndiye aliyemwona kwanza.

"Shemeji, umekuja kutusaidia? Shuka, makreti yapo."

"Rhéal," alisema Guylaine.

Rhéal aliinua kichwa. "Kuna nini? Watoto?"

"Wazima. Ijumaa ijayo saa nne asubuhi una miadi kliniki."

"Miadi ya nini?"

Hapo kengele ya kiwanda ililia, na kiwanda kimepakana na gati. Wanawake walianza kutoka na mikate yao, neti bado kichwani, Normande akiwa mbele. Guylaine aliwaona. Angeweza kushusha sauti, na baadaye alikiri kwamba wazo hilo lilimjia. Alilitazama, akaliacha lipite.

"Ya kufunga uzazi," alisema.

Mwendesha winchi alisimamisha winchi. Kreti la kaa likabaki linaning'inia.

"Pole, Rhéal," alisema kijana mmoja wa mashua, "umevuliwa wewe leo." Wenzake wakaguna kwa kicheko, na Kapteni Alcide akanyoosha mkono kutuliza mambo.

"Shemeji, haya ni mambo makubwa. Hayawezi kusubiri baada ya msimu?"

"Msimu gani, Kapteni? Nitajie jina lake. Nina miaka minane nausubiri."

"Guylaine," alisema Rhéal, uso mwekundu mpaka masikioni, "tutaongea nyumbani."

"Nyumbani tumeshaongea. Hii barua imeongea, kila ulipofungua friji kuchukua bia." Aliikunjua. Ilikuwa imechakaa kwenye mikunjo mpaka mwanga unapita. "Daktari alikwambia nikishika mimba nyingine naweza kufa. Ulikuwepo. Ulisikia. Ukasema baada ya msimu. Kwa siku tisa nimekuwa nikidhani ninayo, Rhéal. Siku tisa nabonyeza mguu wangu kila asubuhi nione kama nimeanza kufa. Wewe ulikuwa unakoroma."

Hakuna aliyecheka. Rhéal alishika ngazi kwa mkono mmoja, wala hakupanda.

"Unayo?" aliuliza.

"Sina. Na si kwa msaada wako."

Normande alikuwa amefika ukingoni, akivuta vizibo vya masikio. "Wifi, jamani, mbele za watu," alisema, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alisema kwa sauti ndogo. "Aibu hii yote ya nini?"

"Wewe ndiye uliyetaka kujua," alisema Guylaine. "Mbele ya watu kumi na sita uliniuliza dawa gani. Basi ni ya majira. Inaruhusu masaa matatu, ikizidi hapo haifai. Wewe ulinizuia karibu manne, mara nne, kwa ajili ya kaa."

"Ungeniambia."

"Nilikuambia. Nilisema dawa."

Normande ndiye aliyemlea Maxime ule mwezi ambao Guylaine alikuwa hospitali. Ni yeye aliyemshonea mtoto gauni jeusi kwa siri, likae tayari, kisha akalichoma kwenye jiko la kuni siku mama yake aliporudi. Guylaine hakujua habari za gauni lile mpaka miaka mingi baadaye. Normande alinyoosha mkono, akaichukua barua, akaisoma tarehe. Kisha akamtazama mdogo wake kule chini.

"Rhéal," alisema, na sasa sauti yake ya kiwandani ilikuwa imerudi yote. "Panda."

Akapanda. Gambuti zake zilikuwa zinateleza kwenye vyuma na hakuna aliyemsaidia. Alipofika juu alivua kofia, akasimama mbele ya mkewe akinuka chambo. Hakuomba msamaha. Pengine hakujua pa kuanzia.

"Saa nne?" aliuliza.

"Saa nne."

Msiniulize kama kiwanda kilibadilika. Kengele iliendelea kulia inapotaka yenyewe, na Normande hakumwomba radhi wifi yake hata siku moja. Alichofanya ni kuandika jina la Guylaine kwenye orodha, chini ya jina la Éveline, bila kutaja dawa gani. Wakati huo Guylaine alikuwa ameshahamia alfajiri, na kahawa, kwa hiyo ruhusa hiyo hakuwa na haja nayo. Aliitumia hata hivyo. Kesho yake ilipofika saa sita alivua glavu, akatembea zile hatua arobaini, akakaa kwenye benchi dakika mbili nzima bila kufanya kitu, akarudi. Alifanya hivyo mpaka msimu ukaisha. Damu yake ilikuja Jumamosi ya wiki ileile ya gatini.

Ijumaa iliyofuata, mashua ya Kapteni Alcide iliondoka na watu pungufu, na Rhéal aliingia kliniki akiwa amevaa shati la kanisani. Mama wa mapokezi alipokea ile barua kwa ncha za vidole, akaiweka chini ya taa, akaanza kuingiza habari zake kwenye kompyuta. Akakwama.

"Inasema barua ni ya zamani mno," alisema. "Miaka minane. Inataka sababu ya kuchelewa. Nisipoweka sababu haiendi mbele."

Rhéal aliangalia dari. Aliangalia kofia yake. Guylaine, aliyekaa pembeni na mkoba magotini, aliliona neno "msimu" likipanda mpaka kwenye midomo ya mumewe, akaliona likigeuzwa njia na kurudi lilikotoka.

"Nilisahau," alisema Rhéal.

Mama wa mapokezi alimtazama, halafu akamtazama mkewe, kama anayeuliza aandike hivyo kweli.

"Andika hivyo hivyo," alisema Guylaine. "Kisanduku chake kipo."